Makosa Mia Nne na Kumi na Mawili

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Anayekuandikia ni Kengele, yule mtoto wa dada yako uliyempa jina hilo kwa sababu kilio chake kilisikika mpaka nyumba ya tatu. Sasa nina miaka thelathini na tisa na silii tena kwa sauti ile, ingawa Msimamizi wetu kazini anaweza kukupa maelezo tofauti. Ningekupigia simu, lakini binamu, binti yako, ameniambia masikio yako yamekwisha, mitambo ya kiwanda cha uchapaji imeyala yote mawili, na ukishika simu unabaki kusema "haloo, haloo" mpaka mtu anakata. Basi nimeshika kalamu.

Sisi huku wazima. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua akipanda ngazi. Mimi bado niko dobi ya hospitali, mwaka wa kumi na mbili huu: shuka, foronya, makoti ya madaktari, mchana kutwa mvuke usoni. Watu wananiuliza siri ya ngozi yangu nami nawaambia ni mafuta ya bei ghali.

Sasa nije kwenye lililonileta. Mjomba, nataka kuandika hadithi. Usicheke, nakuona. Kazini kwetu, kabla nguo haijaingia mashineni, lazima mkono uingie kwenye kila mfuko, maana kalamu moja iliyosahaulika inaweza kuharibu makoti arobaini. Tunachokiokota tunakiweka kwenye kopo mpaka mwenyewe akifuate. Mwezi uliopita nilitoa kwenye koti la daktari mmoja karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa: "Mwambie nimekubali." Haina jina. Hakuna aliyekuja kuiulizia. Tangu siku hiyo sina raha. Nani amekubali? Amekubali nini? Na huyo wa kuambiwa, ameambiwa? Nimeona kwamba kama hakuna wa kunijibu, itabidi nijijibu mwenyewe kwa maandishi.

Nimejaribu. Nimeandika sentensi nikaifuta, nikaandika nyingine nikaifuta. Sasa nina karatasi iliyotoboka na sina hadithi. Wewe umekaa miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya prufu, kila kitabu kilipita mbele ya macho yako utafute makosa kabla hakijachapwa. Niambie, mtu anaanzaje?

Mpwa wako,
Kengele


27 Februari

Kengele,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, lakini inasomeka. Binamu yako mwalimu anasema una mwandiko mzuri kuliko wanafunzi wake wote. Mimi nimewaona hao wanafunzi, kwa hiyo usivimbe kichwa.

Mimi mzima. Chumba changu kinatazama duka la matairi, na mwenye duka ametundika bango jipya lenye makosa matatu. Nilimwandikia kikaratasi kwa heshima zote. Hajakifanyia kazi. Kila asubuhi nikifungua dirisha yale makosa yananiangalia, nami nayaangalia.

Kuhusu swali lako, umebisha hodi nyumba siyo. Mimi sijaandika hata hadithi moja. Nilikuwa mfagiaji wa ukumbi tu, ngoma walicheza wengine. Na hata namna yetu ya kusoma pale kiwandani haikuwa kama yenu. Siku moja nitakueleza. Ushauri wangu ni kwamba una kazi nzuri, una mama wa kumtunza, ukitoka kazini pumzika. Kuandika kunaumiza watu, Kengele. Nimeona.

Jambo jingine. Usimwonyeshe mama yako barua hii, wala usimwambie umeniuliza nini.

Nimeona pia umeandika "Mama hajambo." Hukuandika "Mama anakusalimu." Kazi yangu ilinizoesha kuona neno lililokosekana kabla ya lile lililokosewa. Simlaumu mtu.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia u mzima, na pole kwa bango. Huku mashine namba tatu imekufa na fundi amekuja mara mbili kuitazama kwa huruma. Tunafulia mbili zilizobaki, kwa hiyo shuka zimejaa mpaka mlangoni. Magoti ya Mama yanaendelea nafuu.

Umeniambia niache. Sijaacha. Chakula cha mchana tunapewa dakika arobaini. Mimi nakula kwa kumi, thelathini zinazobaki nakaa kwenye meza ya kukunjia shuka, naandika nyuma ya hati za kupokelea nguo. Upande wa mbele kuna idadi ya foronya za wadi ya watoto, upande wa nyuma kuna mimi. Mwenzangu wa kwenye roli ya kupigia pasi, tunamwita Mama Pasi, ndiye msomaji wangu. Nilimsomea mwanzo wangu. Huu hapa:

"Jua lilichomoza taratibu kutoka mawinguni huku ndege wakiimba nyimbo tamu, wakati Daktari Mpweke alipoamka akiwa na huzuni isiyo kifani ndani ya moyo wake."

Mama Pasi alisema ni nzuri, halafu akasinzia akiwa amesimama. Kosa liko wapi?

Na swali la pili. Kwa nini nimfiche Mama?

Kengele


9 Aprili

Kengele,

Marahaba. Barua yako ilipotelea kwa jirani siku sita, ndiyo maana nimechelewa. Binamu yako amepandishwa cheo shuleni na sasa anatusahihisha hata jinsi ya kukunja taulo. Mwenye duka la matairi alishusha bango. Nilishangilia mapema, kumbe alikuwa analipaka rangi upya. Makosa yamerudi yakiwa mekundu.

Nilikusudia kutojibu chochote juu ya ile sentensi. Nilivumilia siku tatu, uvumilivu ukanishinda. Kengele, jua limechomoza katika kila mswada wa mwanzilishi uliowahi kufika mezani kwangu. Limechomoza taratibu, limechomoza kwa madaha, na mara moja lilichomoza magharibi na mwandishi akanibishia. Liache lichomoze lenyewe. Ndege nao wapumzike. Huyo Daktari Mpweke umempa huzuni kabla hujampa hata kiti cha kukalia.

Anzia pale unapopajua kwa mikono yako. Kopo unalo. Chukua kitu kimoja, sema kina ukubwa gani, kilikuwa mfuko upi, nani alikitoa na alisema nini alipokitoa. Mwenyewe atakuja kukifuata, na akija, mwache aseme anachotaka yeye. Watu wako wasiongee kama watangazaji wa redio. Mama yako akikasirika husemaje? Basi watu huongea hivyo. Halafu ukianza hadithi, imalize hata kama ni mbaya. Miswada mibaya iliyokamilika niliiona mingi. Ile mizuri iliyoachwa katikati sikuona hata mmoja, maana haikufika.

Nimesema sitakufundisha na tazama nimejaza ukurasa. Uzee huo.

Swali lako la pili nimeliona.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa kimya karibu miezi miwili na sababu utaiona ndani ya bahasha. Mashine namba tatu imefufuka. Mama ameanza kutembea mpaka kona ya barabara na kurudi bila fimbo, na anataka kila mtu ajue.

Nilifuata maneno yako. Nilitoa kitu kimoja kimoja kwenye kopo: meno bandia ya juu bila ya chini, ufunguo uliofungwa uzi wa bluu, nusu ya pipi. Nimemaliza hadithi sita. Ya karatasi ile ya "Mwambie nimekubali" ndiyo iliyonitesa zaidi, nimeiandika mara nne, lakini imeisha. Nilipomsomea Mama Pasi nikasimama katikati ninywe maji, akazima roli yake, akanikazia macho, akasema, "Halafu?" Mjomba, sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo, hata siku ya harusi yangu.

Sasa sikiliza. Jumapili mchana Mama alinikuta mezani. Nilifunika karatasi kwa kiganja kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu. Akasimama pale, akasema, "Na wewe?" Basi, hayo tu. Akaenda kuanua nguo. Alirudi na kapu tupu, nguo zote kaziacha kwenye kamba, akakaa, akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia maisha yangu yote. Alilisimulia akiangalia kapu. Mwisho akasema, "We acha tu, yamekwisha hayo." Nikamsomea hadithi yangu ya karatasi. Alitaka tu nirudie sentensi ya mwisho.

Alichonisimulia sitakuambia hapa. Nimekiandika. Ni karatasi kumi na moja, zimo humu, na nakala ninayo. Zisome. Sitaki uniambie kama ni nzuri au mbaya. Nataka uniambie umeona nini.

Kengele


1 Julai

Kengele,

Marahaba. Karatasi zako zote kumi na moja zimefika salama. Hongera kwa mama yako na kona ya barabara.

Nimezifanyia kazi wiki mbili nzima, kila asubuhi, kwa rula yangu ya chuma na kalamu nyekundu mpya, kwani ya zamani ilishakauka. Nimejisikia kijana. Makosa ni sitini na matatu, nimekuandikia yote kwenye orodha niliyoambatanisha. Kwa mwanzilishi si mabaya. Mikato thelathini na miwili imekaa pasipo pake. Ukurasa wa nne umerudia "akasema" mara saba. Ukurasa wa tisa kuna sentensi haina nukta, imeingia ndani ya mwenzake. Ukurasa wa kumi mtu anasema "we acha tu, yamekwisha hayo", nimependekeza "tafadhali tuachane na suala hilo."

Rekebisha, kisha tuzungumze.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Orodha nimeipata. Arobaini nimerekebisha, maana ulikuwa na haki. Ishirini na matatu nimeyaacha, kwa sababu Mama anaongea hivyo, na wewe unajua anaongea hivyo, umekua naye.

Nilikuuliza umeona nini. Umeona mikato.

Hadithi ile ni ya mpishi wa shule aliyekuwa akiokota madaftari yaliyotupwa na wanafunzi, akachagua moja lenye jalada la kijani, akaandika hadithi kulijaza lote. Akampa mdogo wake anayefanya kazi ya vitabu. Mdogo wake akakaa nalo wiki tatu, akalirudisha limejaa wekundu kila mstari, na kikaratasi juu yake: "Makosa mia nne na kumi na mawili. Rekebisha, kisha tuzungumze." Yule mwanamke akaliwashia jiko, ukurasa mmoja mmoja, na tangu siku hiyo hajaandika hata orodha ya vitu vya sokoni. Miaka ishirini na sita. Unamfahamu mwanamke huyo, Mjomba? Na mdogo wake je, unamfahamu?

Mwaka huu umeniandikia mimi maneno yale yale. Hata hukuyabadilisha.

Nimekasirika na nakuambia nimekasirika. Lakini kama ulifikiri na mimi nitawasha jiko, sahau. Nimeshaanza hadithi nyingine, nimefika hati ya tisa. Ukijibu sawa, usipojibu sawa, nitaandika tu.

Kengele


30 Agosti

Kengele,

Barua hii nimeiandika mara tano na nne nimezichana. Hii naipeleka posta mwenyewe nisije nikaichana nayo.

Nilikuahidi siku moja nitakueleza namna yetu ya kusoma. Ukisoma kuanzia mwanzo, hadithi inakukokota, unataka kujua nini kitatokea, na jicho linaruka makosa bila habari. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rula ya chuma na kuambiwa: anza na neno la mwisho la ukurasa wa mwisho, panda juu, mstari kwa mstari, kutoka kulia kwenda kushoto. Hapo hapana hadithi. Pana maneno tu, kila moja peke yake. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote. Miaka thelathini na mmoja nilisoma kinyumenyume, mamia ya vitabu, na ukiniuliza hata kimoja kilihusu nini siwezi kukuambia.

Bahasha yako ilipofika, mkono ulikwenda kwenye rula wenyewe. Sikufikiri. Nilipita juu ya "mia nne na kumi na mawili," na unajua nilifanya nini? Nilihakikisha yameandikwa sawasawa, nikaweka alama ya vema.

Baada ya barua yako ya Julai nilizikalia karatasi zile siku nyingi bila kuzigusa. Kisha nikaziweka mezani, nikaificha rula kabatini, nikazisoma kuanzia juu. Kengele, nililia. Binamu yako alidhani tumepata msiba.

Daftari la kijani nililikagua hivyo hivyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, wiki tatu, mstari wa mwisho kwenda wa kwanza. Pale kwetu orodha ya makosa ndiyo ilikuwa heshima. Waandishi wakubwa walikuja mpaka mezani kunishika mkono kwa sababu yake. Nilidhani nampa dada yangu kile ninachowapa wakubwa, tena kwa kalamu yangu bora. Nikangoja arudi tuzungumze. Siku moja nilimuuliza, "Umerekebisha?" Akasema, "Bado." Baada ya hapo akawa ananiitikia salamu tu, na hata hizo zikapungua. Nilijua nimemuumiza. Wapi, sikujua, nami nikaona haya kuuliza, mwaka ukafuata mwaka. Kwamba alilichoma nimelijua kwako.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Hadithi ya dada yangu mpaka leo sijui ilihusu nini. Niliyashika maneno yake yote, moja moja, na sikuisoma.

Nilikuambia kuandika kunaumiza watu. Nilikudanganya. Ni mimi niliyemuumiza, na niliogopa kukuona wewe ukinikumbusha. Endelea na hiyo ya hati ya tisa. Yale ishirini na matatu usiyaguse.

Barua hii ukitaka mwonyeshe mama yako. Ukitaka usimwonyeshe. Mimi sina tena haki ya kukukataza.

Mjomba wako


16 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa safari ya posta. Binamu ameniandikia kwamba ulikwenda kwa miguu na ukakataa kusindikizwa.

Barua yako nilitembea nayo siku nne kwenye mfuko wa aproni, na nusura iingie mashineni. Fikiria, mimi, mpekua mifuko! Mama Pasi ndiye aliyeniokoa. Nikaona hii ni ishara ya kuacha woga. Jioni ile Mama alikuwa anachambua maharage, nikakaa karibu naye, nikamsomea yote, hata pale uliposema nikitaka nimwonyeshe, nikitaka nisimwonyeshe.

Alisikiliza huku mikono ikiendelea kufanya kazi. Nilipofika kwenye rula akasema, "Hebu rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Kinyumenyume?" Nikamwambia ndiyo, kinyumenyume. "Daftari lote?" Daftari lote, Mama. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka maharage yakamwagika, akashika ubavu, akacheka tena, halafu nikaona siyo kicheko peke yake. "Mpumbavu huyu," akasema. "Mpumbavu kabisa. Miaka yote hii nilidhani kaisoma, akaona haina maana."

Tukaokota maharage.

Nikuambie na yangu. Ile ya hati ya tisa imefika hati ya thelathini na nne. Ni ya mtu mwenye meno bandia, nimemrudishia ya chini. Wenzangu wa zamu wanaisikiliza vipande vipande wakati wa chakula, na Msimamizi amegundua, akaja kutukemea, akakaa. Siku hizi nikichelewa kuanza yeye ndiye anayetazama saa.

Kengele


20 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Ameniambia niandike hivyo hivyo, na amesimama nyuma ya bega langu kuhakikisha.

Siku tisa baada ya ile jioni ya maharage, tukiwa tunakunywa chai asubuhi, aliniuliza, "Hayo makaratasi yenu ya dobi, yana upande mtupu?" Nilijifanya sijashtuka. Nilimletea daftari jipya, akalikataa, akasema jipya linamtisha. Nikamletea bunda la hati. Tangu siku hiyo anakaa mezani kila siku nikienda kazini. Nikirudi nakuta wino vidoleni na chakula kimeungua. Analalamika kwamba ya kwanza ilikuwa bora, kwamba mengi ameyasahau, kwamba mkono umekuwa mzito. Anasema ataacha, na kesho yake namkuta ameandika. Nilimwonya asianze na jua. Akasema jua halikuwamo hata mara ya kwanza, hao wa jua ni sisi.

Jana nilimuuliza kama naweza kukutumia ukurasa mmoja. Alifuta wino vidoleni. Halafu akatabasamu, maana hadithi yangu ya ile karatasi ya mfukoni anaijua vizuri, akasema, "Mwambie nimekubali."

Ukurasa ni huu, kwa mkono wake. Sijaugusa.

*Chumba chetu kilibandikwa magazeti ukutani upepo usipite. Mimi nilikuwa na miaka kumi mdogo wangu sita shule walikuwa hawajamchukua wanasema bado mdogo analia kila siku nikamwambia nyamaza njoo nikufundishe ukuta. Alikuwa mfupi kidole chake kinafika chini tu basi tukaanzia mstari wa chini kila siku mmoja tunapanda. Wa chini kabisa ulikuwa tangazo la sabuni akausoma wiki nzima kwa makelele mpaka Baba akasema huyu atauza sabuni. Wa pili ulikuwa wa mvua. Wa tatu mtu amepotea anatafutwa amevaa shati jeupe akaogopa akanishika gauni nikamwambia ni ukuta tu endelea. Nikamwambia ukifika juu utakuwa umejua kusoma na mimi nitakuwa nimemaliza kazi. Tulipofika wa tisa kidole hakifiki nikamletea ndoo nikaipindua akapanda akasema dada nishike nikasema nimekushika na sikuwa nimemshika nilikuwa naangalia dirishani ndoo ikateleza*

Karatasi imeishia hapo. Zinazofuata amekataa kunipa.

Kengele


11 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Salamu zako zimefika, nami nimezisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Kengele atanisamehe, leo barua si yake. Huku tuko salama. Binti yangu anakuamkia.

Bahasha niliijua kwa uzito wake. Kabla ya kuifungua nilimwita binti yangu nikampa rula ya chuma aende nayo shuleni, akachoree mistari ubaoni. Nilitaka iwe imeshatoka nyumbani. Kisha nikakaa dirishani, nikaanza na neno la kwanza.

Tangazo la sabuni nilikuwa nimelisahau, dada. Mtu wa shati jeupe nilikuwa nimemsahau. Maisha yangu yote watu wameniuliza nilijifunza wapi kazi ile, nami nimewajibu kwamba nilijifunza kiwandani. Uliniandikia yote haya miaka ishirini na sita iliyopita, ukayaleta mpaka mikononi mwangu, na mimi nikakurudishia orodha. Nisamehe. Nilipaswa kusema hivyo zamani, nikiwa na masikio ya kusikia jibu lako.

Binti yangu ameniuliza ukurasa una makosa mangapi. Nimemwambia sikuhesabu.

Nina kovu dogo chini ya kidevu. Nimelizunguka kwa wembe kila asubuhi tangu nipate ndevu, na sijawahi kujua limetoka wapi. Baba na Mama hawapo, sina mwingine wa kumuuliza. Umenipandisha juu ya ndoo, umesema umenishika na hukunishika, ndoo imeteleza na karatasi imekwisha.

Dada, halafu?

Mdogo wako